Umri wa Mahindi

Mama mkwe wangu, Jescah, hakuwa mtu wa kurudia neno. Siku aliyonitajia mafiga nilikuwa nimeketi jikoni kwake nikimnyonyesha binti yangu Navalayo, naye anasonga obusuma, mgongo amenipa. Akasema kwamba mwaka huu nikijaza ghala langu kwa jasho langu mwenyewe, atanitolea mafiga matatu niwashe moto wangu. Kisha akapakua ugali na kuanza kulalamikia kuni mbichi, kana kwamba hakuwa amesema kitu.

Furaha ilininyima usingizi. Kwetu mke wa kijana haolewi leo akapika kwake kesho. Anapika kwa mama mkwe, unga wa mama mkwe, kwa kipimo cha mkono wa mama mkwe, mpaka siku atakapoonekana ameiva. Nilikuwa kwenye jiko hilo tangu mwaka wa bendera, na huu ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Asiyejua atauliza moto una nini. Moto ndio unaoamua kama yai la mwisho litaliwa na mtoto wako au na shemeji yako. Ndio unaoamua kama mtoto akiamka na homa utamkorogea uji saa hiyo hiyo au utangoja mwenye jiko aamke. Navalayo alikuwa ameota meno ya chini na kila alichokishika alikipeleka mdomoni. Maziwa yangu hayangemtosha daima. Nilitaka siku atakayoachishwa titi aingie kwenye uji wangu mimi, kwa sufuria yangu.

Tulikuwa Lugari, kwenye skimu ya makazi, katika kipande cha shamba lililokuwa la mzungu. Tulitoka Maragoli, ambako ukipiga chafya jirani anaitikia akiwa kitandani kwake, tukaja mahali ambapo mtu anaweza kumwita mwenzake asisikike. Shamba lilikuwa kwa jina la Lazarus, kaka mkubwa wa mume wangu, kwa sababu baba yao alikuwa amekufa na Lazarus ndiye kifungua mimba. Mume wangu Cornelius alikuwa mwashi mjini Kakamega, anajenga nyumba za wakubwa wapya, na nyumbani tulimwona Jumapili chache. Lazarus aligawa. Sehemu ya juu, karibu na nyumba, ikawa ya Mama na ya Selpher, mke wake Lazarus. Sehemu ya chini, inayoteremka kuelekea kijito, ikawa yangu. Sikunung'unika. Udongo wa chini ulikuwa mweusi, na nilikuwa na nguvu.

Kupanda nako kulikuwa na utaratibu wake. Mama huanza. Akishamaliza ndipo mke wa mtoto mkubwa anatia mbegu, na akimaliza huyo ndipo mke wa mdogo. Kumtangulia mkubwa ni kumtakia mauti, ndivyo tulivyofundishwa tangu utotoni, na mimi mwenyewe nisingethubutu. Fahali wa kukokota plau walikuwa jozi moja tu kwa sisi wote. Walipomaliza kwa Mama walipumzika, wakaenda kwa Selpher, wakapumzika tena, mmoja akaumia kwato, tukangoja. Siku nilipotia mbegu yangu ardhini mahindi ya Mama yalikuwa tayari yanaonekana ukiwa mbali, mistari ya kijani imenyooka kama nywele zilizosukwa.

Selpher alisimama kwenye ukingo akiniangalia. Hakuwa mwanamke mbaya. Alipenda utani, na utani wake ulikuwa na miiba.

"Mama Navalayo," akasema, "haya yako tutayavuna Krismasi. Utakula na malaika."

Nikamwambia malaika hawali sana. Tukacheka wote wawili.

Mbegu ilikuwa ile mpya, haibridi, ambayo kila mtu katika skimu aliisifu. Mvua ilikuwa ya kutosha. Ya juu yalipanda haraka mpaka yakampita mtu aliyevaa kofia, yakaanza kutoa maua kileleni. Yangu yalikuwa yamenifika magotini. Ndipo mvua ikakatika.

Mwanzoni tulisema itarudi Jumatatu. Wingu lilikuja kila alasiri kutoka upande wa Kisumu, likasimama juu yetu, likaondoka. Baadaye hata wingu lilichoka kuja. Kijito kikawa madimbwi, madimbwi yakawa matope yenye alama za kwato, matope yakapasuka. Kwenye malisho nyasi zilikuwa fupi na za rangi ya gunia, na ng'ombe wakaanza kula vitu ambavyo ng'ombe hawali, maganda ya miti na kamba ya kuanikia nguo.

Mahindi yangu yalinitisha. Kila adhuhuri majani yalijisokota yakawa kama sigara, yamesimama wima, yamegeuka rangi ya majivu. Ukitazama kutoka nyumbani ungeapa kwamba yamekufa. Lakini mimi niliteremka asubuhi, kabla jua halijatoka, Navalayo mgongoni, nikayakuta yamefunguka kidogo. Nilichana jani moja la katikati, lile lililojificha ndani, lilikuwa bichi. Siku iliyofuata nikachana jingine. Bichi.

Ya juu yalipendeza. Hilo ndilo lililowadanganya watu. Yalikuwa marefu, ya kijani, yamejipanga kama askari siku ya gwaride, na maua yao yalimwaga vumbi la manjano juu ya majani. Mama alitembea kati yake jioni akiyagusa. Lakini mimi nilitazama ubavuni, mahali ambapo gunzi hutokea, nikaona ndevu hazijatoka. Vumbi lilimwagika siku baada ya siku na hapakuwa na ndevu za kulipokea. Zilipochungulia mwishowe zilikuwa fupi na kavu kama za mzee mgonjwa, na kule juu maua yalikuwa yameshapukutika yote.

Haya sikuyajua kwa ndoto. Nilipokuwa naishi na Cornelius mjini Kakamega kabla ya skimu, nilikwenda ngumbaru jioni, kwenye ukumbi wa kanisa. Nilikwenda nisome jina langu. Mwalimu wetu, Bwana Erastus, alikuwa amefunzwa kilimo Bukura, na kila alipochoka na herufi alirudi kwenye udongo. Alitupandisha mahindi katika mikebe tukaipanga chini ya paa la baraza mvua isiifikie. Mingine tuliinyima maji ikiwa midogo. Mingine tuliipa maji vizuri mpaka ikatoa maua, ndipo tukainyima, kwa muda ule ule. Tulikuwa wanawake wenye watoto, tukamcheka, mwalimu anatesa mimea. Ile midogo ilinyauka tukaiombea kwa kejeli. Tulipoirudishia maji ilisimama, ikachelewa, ikazaa. Ile mikubwa haikunyauka sana hata. Tulipoirudishia maji ilirefuka na kung'aa, na tulipomenya magunzi yalikuwa na punje chache huku na huku, kama mdomo wa bibi. Bwana Erastus akatuambia mmea mdogo bado unajenga mwili, unaweza kusimama ungoje. Ukishafika wakati wa kuzaa hauwezi kungoja. Mama mmoja akasema, basi ni kama uchungu wa uzazi, huwezi kuuambia urudi kesho. Mwalimu akamwambia ndiyo, hasa.

Basi nilikuwa na hofu, lakini hofu yangu ilikuwa ya pande mbili. Niliona moto wangu uko hai kule chini, umejisokota kama sigara. Na niliona ghala la Mama limekwisha kuwa tupu, naye hajui.

Jumapili moja Cornelius alikuwa amekuja, tukaketi wote mbele ya nyumba ya Mama baada ya kanisa. Ndama mmoja alikuwa amekufa siku iliyotangulia. Fahali walisimama vichwa chini, mbavu zinahesabika. Lazarus akasema jambo ambalo kila mtu alilijua, kwamba fahali wakifa mwakani hakuna wa kulima, na kwamba lazima kitu kikatwe wapewe. Akatazama kule chini. Wote wakatazama kule chini. Ilikuwa saa ya jua kali, na mahindi yangu yalikuwa ya kijivu, yamesimama kama vijiti.

"Yale yamekufa," akasema Lazarus. "Tuyakate wakati bado yana utomvu kidogo. Haya ya hapa yako mlangoni, yamebakiza kuzaa tu. Mtu hakati mahindi yenye maua."

Hakulisema kwa ubaya. Ningekuwa sijakaa kwenye ile baraza ya kanisa, ningesema vivyo hivyo.

Moyo ulinipiga hadi Navalayo akageuka kunitazama. Kwetu mke mdogo hasemi mbele ya shemeji mkubwa na mama mkwe wakati jambo la shamba linaamuliwa. Humwambia mumewe chumbani, naye mumewe akilibeba amelibeba. Lakini Cornelius alikuwa akichora ardhi kwa kijiti, na nikaona moto wangu unapelekwa kwenye hori la fahali. Nikasimama.

Nikasema yangu hayajafa. Nikaeleza habari ya majani, ya mikebe, ya Bwana Erastus, nikaeleza haraka haraka kama mtu anayekimbizwa. Kama ningeishia hapo labda mambo yangekuwa mengine. Lakini Lazarus akaniuliza, kwa upole kabisa, kama si hayo basi yapi.

"Haya ya juu," nikasema. "Hayatazaa, shemeji. Hata mvua ikinyesha leo, hayatazaa. Ni heri ng'ombe wale majani yake yakiwa bado na nguvu."

Nilisikia kuku wakiparua majani makavu nyuma ya nyumba. Selpher aliacha kumenya njugu. Mama Jescah aliniangalia, na uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyeona nyoka ndani ya nyumba. Nilikuwa nimesimama mbele ya mama mzazi wa mume wangu, mchana kweupe, nikalitabiria shamba lake utasa. Mdomo wa mtu wa nje, mtoto wa wenyewe, aliyeletwa juzi. Kwetu maneno kama hayo hayawi maoni. Ni kitu unachomfanyia mtu.

"Cornelius," Mama akasema, "mwambie mke wako akae chini."

Nikakaa kabla hajaniambia. Cornelius akasafisha koo. Sitamlaumu, alikuwa katikati ya mama yake na mimi, na hakuna fundi aliyewahi kujenga kitu pale kikasimama. Akaomba shamba la chini likatwe nusu, nusu liachwe, kwa ajili ya mtoto. Lazarus akakubali.

Tulilikata Selpher na mimi. Panga lilipopita kwenye yale mashina madogo, katikati palitoka maji. Ndani ya ile sigara ya kijivu mlikuwa na jani changa, la kijani cha ndizi mbichi, limekunjwa vizuri kama nguo ya mtoto iliyowekwa akiba. Selpher aliokota shina, akalifungua kwa kidole gumba, akalitazama. Nilimwona anavyolitazama. Kisha akalitupa kwenye fungu na kuendelea kukata, naye alikata haraka kuliko mwanzo.

Fahali walipona. Hilo lazima niliseme.

Mvua ilirudi baadaye, usiku, kwa kishindo, na asubuhi nikateremka nikikimbia. Nusu yangu ilikuwa imefunguka yote. Majani yalikuwa mapana, yamelala pande mbili kama mikono ya mtu anayeamka. Upande wa pili palikuwa na vishina vilivyokatwa, vimeoza juu, na matope. Nilisimama pale katikati mvua ikininyeshea nikafurahi na kulia, sikujua kipi ni kipi, na Navalayo akapiga makofi kwa sababu ya mvua.

Ya juu nayo yalikunywa. Yalizidi kuwa ya kijani, na watu waliopita njiani waliyasifu. Mama alianza kuimba tena jikoni. Hakuimba nikiwepo.

Wakati wa kuvuna alianza yeye, kama ilivyo desturi. Alimenya gunzi la kwanza, akaligeuza mkononi. Akamenya la pili. Tulikuwa tumesimama na vikapu. Gunzi lilikuwa refu na jeupe, na punje zake ungezihesabu kwa vidole, zimekaa mbali mbali, moja imenenepa kwa kukosa majirani. Alimenya mstari mzima, maganda yakilia mikononi mwake, na kila gunzi alilolitupa chini lilikuwa hivyo hivyo. Mwisho akaketi kwenye tuta. Nilikwenda kumshika mkono. Akautoa.

Kutoka siku hiyo ilisemwa. Selpher alilisema kisimani kwa sauti ya huruma, na kutoka kisimani lilifika kanisani. Kwamba shamba lilikuwa zuri, kila mtu aliliona. Kwamba mke wa mdogo alisimama akasema hayatazaa, na hayakuzaa. Kwamba ya kwake, yaliyokuwa yamekufa, yalifufuka. Mtu apange mwenyewe. Wanawake waliokuwa wakimbeba Navalayo wakaanza kusema wana mafua. Nilijaribu kueleza habari ya vumbi na ndevu, na kadiri nilivyoeleza vizuri ndivyo walivyozidi kuniogopa, kwani mtu asiye na hatia angeyajuaje yote hayo.

Nusu yangu ilizaa kwelikweli. Magunzi yalijaa mpaka kwenye ncha. Nilivuna peke yangu, na nilipokuwa nikibeba kikapu cha mwisho nilianza, Mungu anisamehe, kuchagua kwa macho mahali nitakapoweka mafiga, pembeni mwa nyumba yetu, upepo usipofika.

Lazarus alikuja jioni na mkokoteni. Akasema mwaka ni wa njaa na wote tutakula ghala moja, la Mama. Ilikuwa haki. Ningekataa ningekuwa mchawi mwenye choyo. Tuliyapakia pamoja. Nilipoingia jikoni kwa Mama nikaketi mahali pangu pa siku zote, nikangoja aseme neno juu ya mafiga, hata neno la kunipa siku nyingine.

"Mwaka wa njaa moto mmoja unatosha," akasema.

Akapima unga, unga wangu, kwa kipimo cha mkono wake.

Tulikula mahindi hayo miezi mingi. Hakuna aliyeyasifu. Navalayo aliacha titi katikati ya muda huo, akaingia kwenye uji wa bibi yake, mwepesi, unaogawanywa.

Kabla ya msimu mpya alikuja Bwana Erastus. Sikumwita. Alikuwa amehamishwa huku, anazunguka skimu kwa baiskeli akiwafundisha walowezi kuhusu mbegu, amevaa soksi ndefu za kaki na miwani yake ile ile. Lazarus alimkaribisha kwa heshima kubwa. Mama alimchinjia ingokho, na tulikuwa tumebaki na kuku wa kuhesabika. Walimpa kiti chenye mgongo. Mimi nilishika birika nikawamwagia maji mikononi, na aliponiona alifurahi, akauliza habari za Kakamega na kama bado nasoma.

Lazarus akamweleza mambo ya mwaka uliopita. Bwana Erastus akatikisa kichwa na kuanza kufundisha, akitumia mfupa wa kuku kuchora mezani. Alisema yote. Mmea mdogo hujikunja ungoje. Mmea wenye maua hauwezi kungoja, vumbi likishamwagika bila ndevu basi imekwisha, hata mvua ya Nuhu haisaidii. Alitumia maneno yale yale niliyoyatumia mimi, maana niliyapata kwake. Lazarus aliinamia meza akisikiliza, kinywa wazi kidogo. Mama alisikiliza. Selpher alisikiliza mlangoni. Hapakuwa na nyoka nyumbani siku hiyo.

"Lakini huyu alikuwa mwanafunzi wangu," Bwana Erastus akasema akinionyesha kwa mfupa. "Hakuwaambia?"

Nilitazama birika.

"Alisema," Mama akajibu. "Lakini alisema kama anayelaani."

Bwana Erastus akacheka akidhani ni utani, akachukua kipande cha paja. Nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama huko. Nilitegemea kwamba sasa, kwa kuwa limetoka kwa mwanamume mwenye soksi za kaki, jina langu lingesafishwa, na kisima kingelisikia hilo nalo. Bado nilikuwa na tumaini. Mimi ni mtu wa namna hiyo, tumaini huninata kama tope kwenye viatu.

Nyuma yangu nilimsikia Lazarus akiuliza kama basi aliyepanda mwisho ndiye salama. Bwana Erastus akasema hapana, si hivyo, jua linaweza kuja mapema au kuchelewa, usiangalie aliyepanda mwisho, angalia mmea una umri gani jua linapoukuta. Akalirudia. Lakini Lazarus alikuwa amekwisha kupata alichokitaka, akawa anamwongezea mgeni mchuzi.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Lazarus alikuja kwangu mwenyewe, akasimama nje, akabisha hodi kwa adabu. Akasema familia imefikiri. Mwaka huu yeye na Selpher watachukua shamba la chini na kupanda mwisho. Mimi nitachukua la juu, karibu na nyumba, nipande kwanza. Ni heshima, akasema, mke wa mdogo kutangulia.

Nikamuuliza, na desturi? Nilijua mtu hawezi kumtangulia mama.

Akasema hilo limekwisha. Asubuhi hiyo hiyo Mama alikuwa ametoka na konzi ya mbegu akazitia mlangoni mwa nyumba yake, punje chache tu, akazifukia kwa kidole cha mguu. Ameshapanda. Njia imefunguliwa kwa watoto wote, kila mmoja kwa zamu atakayopewa. Nilikuwa sijajua kwamba desturi inaweza kutoshea kwenye kiganja. Niliishi nayo kama mlima.

Navalayo alikuwa ameshika gauni langu anataka kubebwa. Nikamnyanyua. Nikamuuliza Lazarus kuhusu mafiga, kama ahadi ya Mama bado ipo. Akasema bila shaka ipo, nikijaza ghala langu. Shamba la juu ni zuri, fahali wataanza kwangu, sitakuwa na sababu ya kukosa.

"Na jua likija, shemeji," nikasema, "kama mwaka jana, wakati ule ule. Fahali watakatiwa ya nani?"

Lazarus hakukasirika. Alifikiri kweli, nikaona anafikiri, kama mwanafunzi mzuri anayetafuta jibu alilofundishwa.

"Yenye maua," akasema. "Si ndivyo mwalimu alivyosema? Hayawezi kungoja."

Akaaga vizuri, akaondoka. Kule juu, kwenye shamba la mbele ya nyumba, nilimsikia tayari anawafunga fahali nira, anawaita kwa majina, wanene, wamepona kabisa. Nikamfunga Navalayo mgongoni, nikachukua mbegu, nikaenda kupanda kwanza.